Mkufu kwenye Kikombe cha Dawa

Kaka yangu anafundisha kemia, na akikosa darasa hutufanya sisi ndio wanafunzi. Siku niliporudisha mkufu wa mama kutoka kwa sonara, kishikizo kimetengenezwa na dhahabu imesuguliwa ikang'aa, aliutazama akaguna.

"Huu siyo wenyewe. Umeuza wa mama, umetuletea bandia."

Mama kitandani akageuza shingo kunitazama. Mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayemlisha, hata ufunguo wa kabati lake nauweka mimi.

Kesho yake kaka akaja na mizani ya maabara. Chombo cha kupimia maji aliona uvivu kukibeba, akachukua kikombe cha dawa ya kikohozi ya mama, chenye mistari ya mililita moja moja. Mkufu ulikuwa gramu 25.34. Akautumbukiza, maji yakapanda kama mistari miwili hivi.

"Mililita mbili," akasema, akagawanya kwenye simu. "Densiti, yaani gramu kwa kila mililita, ni 12.67! Dhahabu ya mama ni karati kumi na nane, ilitakiwa ifike 15.5. Mama, umeibiwa."

Nikadakia. "We kaka, si wewe unayewakata watoto maksi kwa hili hili? Mbili yako ina tarakimu muhimu moja tu! Inaweza kuwa moja na nusu, inaweza kuwa mbili na nusu. Basi na jibu lako libaki na tarakimu moja: 10, yaani popote kati ya 10 na 17, na hiyo 15.5 imo humo humo. Hizo pointi umezitoa wapi, mfukoni?"

"Usinifundishe kazi."

Nikatoka mbio hadi duka la dawa, nikanunua bomba kubwa la sindano lenye mistari midogo midogo. Nikachomoa kisukumio chake, nikaziba tundu la mbele, nikatia maji, nikazamisha mkufu mbele ya macho yake. Maji yalipanda mililita 1.6. Densiti 16, kwa tarakimu mbili, sikuongeza hata nukta; na 15.5 yake ikikadiriwa hivyo hivyo ni 16. Dhahabu ni ile ile.

Kaka alitazama mistari, akatazama simu yake. "Aa, basi yaishe," akasema. Samahani hakuijua, msomi wa watu!

Nikaufuta mkufu, nikainama kumvisha mama. Akaifunika shingo kwa kiganja.

"Mpe kaka yako anivishe," akasema. "Na ufunguo wa kabati mwachie yeye."

Nikampa vyote viwili. Halafu nikaenda kumchemshia mama maji ya kuoga.