Jibu Humngoja wa Mwisho

Mimi si mtu wa subira. Muulize yeyote anayenunua ndagala kwangu, soko la Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: ukipekuapekua samaki wangu kisha ukasema utarudi kesho, nakufukuza. Kwa hiyo watu hucheka wakisikia kwamba klabu yangu ya hesabu ina sheria moja tu, na sheria yenyewe ni kungoja.

Tunakutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha katekisimu, nyuma ya kanisa Katoliki. Mimi ni mlokole, lakini padri hakuniuliza, na ubao wao ni mzuri. Huja watoto wa kila namna: Wakongomani wenzangu wa Kivu ya Kusini walioanza shule kwa Kifaransa, Warundi walioanza kwa Kirundi, na wale waliozaliwa hapahapa Nakivale, ambao Kiingereza kinawatoka puani. Swali huja kwa Kiingereza, mimi naligeuza Kiswahili, halafu kule nyuma kuna mtu anamnong'onezea mwenzake kwa Kirundi. Zamani, kabla mnong'ono haujafika, tayari mwerevu mmoja keshapayuka jibu. Wengine wanaweka kalamu chini. Hesabu haikuwashinda, lugha ndiyo iliyowachelewesha, ila wao walikuwa wanakwenda nyumbani wakijiona wajinga.

Hilo lilinichoma sana. Nilifundisha Uvira miaka mingi, na sikuvuka ziwa na mipaka ili nije kutengeneza wajinga wapya. Nikaweka sheria: ukilipata jibu, ikalie mikono yako na ufunge mdomo. Halisemwi mpaka wa mwisho alione. Unaruhusiwa jambo moja tu, kumuuliza aliyechelewa swali la kumsogeza mbele.

Aliyeimudu sheria hiyo kuliko wote ni Ineza, binti wa Kirundi wa Senior Three, yaani kidato cha tatu. Alikuwa anaikalia mikono yake kabla sijaweka chaki chini. Lakini uhodari wake mkubwa ulikuwa katika maswali. Mtoto amekwama, Ineza anamuuliza kitu kidogo, kitu cha kawaida kabisa, na yule mtoto anajikuta ameshafika bila kubebwa. Nimefundishwa ualimu kwa vyeti na mihuri, na kipaji hicho sina.

Mwaka huu chakula cha mgao kilipopunguzwa tena, baba yake, Vénant, aliandikisha familia nzima kurudi Burundi. Malori yangekuja baada ya kuvuna maharage. Huko Ineza angerudishwa madarasa ya chini, aanze upya kwa Kifaransa, amekaa benchi moja na watoto wa kimo cha mdogo wake. Nimewaona wasichana wa namna hiyo. Wanavumilia muhula mmoja, halafu unasikia wameolewa.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya hesabu Mbarara. Timu ya watu wanne, na timu itakayoshinda italipiwa ada yote katika shule ya bweni mpaka Senior Six. Nilikwenda kwa Vénant mwenyewe, nikamkuta anapura maharage ya mwanzo kukomaa.

"Mwalimu, mimi sikatai masomo," alisema. "Mkishinda, Ineza abaki, alale hukohuko shuleni. Mkishindwa, anapanda lori pamoja na sisi. Mtoto wa kike siwezi kumuacha kambini peke yake."

"Tutashinda, Baba Ineza. Banajua mingi, hawa batoto."

"Basi nitakuja kuangalia kwa macho yangu."

Nilichagua Ineza, Junior, Patrice na Olga. Junior ana kichwa chepesi, Patrice hakosei kujumlisha. Olga, Mkongomani mwenzangu, ni mzito wa kuanza, lakini akishaanza hakuna mchoro wa jiometria unaomshinda, na karatasi yake unaweza kuitundika ukutani. Tulifanya mazoezi mpaka ndagala wangu wakaanza kuuzwa na jirani. Tulifanya sehemu, tukafanya eneo, tukafanya mafumbo ya namba. Nilidhani nimefikiria kila kitu.

Tulikwenda na gari la parokia. Vénant alikaa nyuma na watoto, amevaa koti lake la misa, na pembeni gunia la maharage la kuuza mjini, kwa sababu Vénant haendi Mbarara mikono mitupu. Ukumbi ulikuwa Kamukuzi, juu mlimani, una viti vya plastiki na mapazia mazito. Watoto wa shule za mjini walikuwa na sweta zinazofanana. Wangu walikuwa na mashati safi tu.

Na mashati yao hayo walipiga kazi. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote za kuandika, timu nne zikabaki mbili. Olga alichora duara lililowafanya wasahihishaji waitane. Mwisho tukafungana pointi na shule moja ya Mbarara. Msimamizi, bwana mmoja mnene anayeitwa Ezira, alisimama mbele na kwa heshima yetu akaacha Kiingereza.

"Nyinyi watu ya Nakivale, mko na nguvu kabisa," alisema. "Sasa iko swali moja tu imebaki. Mtu atasimama wa kwanza na jibu ya kweli, timu yake imeshinda. Tumeelewana?"

Watoto wakaitikia kwamba wameelewa. Hata mimi niliitikia, nikiwa nimekaa safu ya nyuma na Vénant, mahali pa wageni, ambako kusema neno lolote kulikatazwa.

Bwana Ezira akaligeuza bango. Andika saba mara mia moja, kisha uzizidishe zote pamoja. Jibu ni namba ndefu ajabu. Tarakimu yake ya mwisho ni ipi?

Nilicheka moyoni. Fumbo hilo tulilicheza klabuni kwa tatu na kwa nane. Nikamtazama Ineza. Alitazama juu kidogo, midomo ikacheza, halafu akaikalia mikono yake. Furaha ikanipanda. Kisha Junior akaikalia yake, kisha Patrice, na furaha yangu ikafa palepale.

Watoto wangu watatu walikuwa na jibu. Watatu wote wamekaa juu ya mikono yao kimya, wanamtazama Olga, na Olga alikuwa bado anazidisha kwa kalamu.

"Wanafanya nini?" Vénant aliuliza.

Nilitaka kupiga kelele wasimame. Nilishika kiti cha mbele yangu mpaka mwenye kiti akageuka kunitazama.

Ineza alimwinamia Olga. Ukumbi ulikuwa kimya, kila neno lilisikika.

"Saba mara saba, mwisho unaona ngapi?"

"Tisa," alisema Olga.

"Hiyo tisa tu, izidishe kwa saba."

"Inaishia na tatu."

"Na hiyo tatu?"

"Moja." Olga aliacha kuandika. "Na moja inaleta saba. Inarudia fasi ilianzia." Akainua kichwa. "Kila ya ine inarudia. Kumbe mia..."

Mvulana mmoja wa sweta ya kijani alikuwa ameshasimama. "Jibu ni moja," alisema kwa Kiingereza, na bwana Ezira akapiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata.

Olga alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa ameliona jibu mwenyewe, kwa kichwa chake, na ilichukua muda kidogo kabla hajaelewa makofi yale ni ya nani. Sitaki kuukumbuka uso wake ulivyobadilika, lakini naukumbuka.

Kwenye gari, Vénant alimuuliza binti yake swali moja tu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Na hukusimama."

"Olga alikuwa hajafika."

Olga alilia njia nzima, Patrice akimpa leso na kuichukua tena. Mimi nilikaa mbele na dereva nikijitukana kwa lugha zote ninazozijua. Kosa halikuwa la watoto. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mwenye kujua hukaa, nikasahau kuwaambia kwamba kuna mahali duniani ambako mwenye kujua husimama. Jioni ile nililia, tena kwa sauti, na majirani wakadhani nimefiwa.

Jumamosi iliyofuata niliingia klabuni na hasira zangu zote.

"Sheria imekufa," niliwaambia. "Kuanzia leo mwenye kujua aseme. Wa kwanza aseme, tena kwa nguvu."

Wakanitazama kama nimeugua. Nikachora ubaoni shamba la pembe tatu, kisima kikiwa kwenye kona ya juu. Ndugu wawili wanarithi. Kata mstari mmoja ulionyooka kutoka kisimani, kila mmoja apate sehemu iliyo sawa, na wote wafike majini. Nikaweka chaki chini, nikangoja mtu apayuke.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Vénant, viatu vina udongo. "Nimekuja kumchukua Ineza. Maharage yaliyobaki yamekauka, lazima tuvune, na malori yanakuja wiki ijayo."

"Akimaliza," nilimjibu, bila adabu. Akakaa benchi la nyuma.

Nikageukia darasa. Ineza alikuwa ameikalia mikono yake. Junior vilevile, Patrice vilevile, na safari hii hata Olga.

"Nimesema museme," nilifoka. "Junior?"

"Mwalimu, ile haiwezekane," alisema Junior. "Tulishaka zoea."

"Lakini bote munajua. Nani hajaona?"

Ineza ndiye aliyeonyesha kwa kidevu, kwa aibu kidogo, kule nyuma.

"Baba bado," alisema.

Vénant alicheka. "Mimi sikuja kusoma."

Hakuna aliyecheka naye. Walikaa tu juu ya mikono yao, wadogo kwa wakubwa, wakimngoja. Alinitazama nimwokoe, na mimi, nikiri, nilinyamaza kwa ukorofi. Mwisho akainuka, akachukua chaki, akaipasua ile kona ya kisima katikati, kwa macho, akavuta mstari mpaka chini.

Alikuwa amekosea. Junior aliuma mdomo, lakini hakutoa sauti.

"Baba," alisema Ineza, "ukilima maharage sehemu ya kushoto na sehemu ya kulia, utatoka na magunia sawa?"

Vénant alirudi nyuma hatua moja, akatazama kama anavyotazama shamba la mtu. "Hapana. Kulia kunazidi."

"Kutoka kisimani kushuka wima hadi mpaka wa chini, sehemu ipi ina urefu zaidi?"

"Kushuka ni sawa. Kisima ni kimoja, mpaka ni mmoja."

"Basi kulia kumezidishiwa nini?"

Alifuata mstari wake kwa kidole, juu mpaka chini, akarudia. Mtu mwingine angemwambia, mimi mwenyewe nilikaribia kumwambia. Kisha akafuta mstari wake kwa kiganja, akapima upande wa chini kwa shibiri, akarudia kupima, akatia alama katikati, akavuta mstari kutoka kisimani mpaka kwenye alama.

"Hatugawi kona," alisema. "Tunagawa mpaka wa chini."

Mikono yote ikatoka mahali ilipokuwa, wakapiga makofi. Vénant alibaki na chaki yake, hajui aiweke wapi.

"Mimi nilitoka shule darasa la pili," alisema, na hakuwa anazungumza na mtu yeyote hasa. "Mwalimu anauliza, wenzangu wanajibu, mimi bado natafuta. Nikajua mimi si mtu wa shule. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wananingoja."

Ineza aliinamisha kichwa. Mimi nilijifanya nasafisha ubao uliokuwa safi.

Nje ya chumba aliniita pembeni. "Kule Mbarara nilikasirika, Mwalimu. Nilidhani aliogopa watu."

"Hakuogopa."

"Nimeona." Alipangusa chaki kwenye suruali. "Sisi lazima twende, mama yake na mdogo wake hawatashiba kwa mgao huu. Lakini Ineza abaki kwako mpaka amalize Senior Four. Shule yake ya hapa anaijua. Wewe ndiye uliyemfundisha kungoja wenzake, sasa na wewe umngoje."

Nina chumba kimoja, watoto wangu watatu wa kuzaa na magunia ya samaki. Nilifungua mdomo nimwambie hayo yote.

"Atanuka ndagala," nilisema.

"Atazoea," alisema Vénant.

Malori yalikuja asubuhi. Mama yake alimkumbatia Ineza mpaka wakamwita mara mbili. Vénant alipanda wa mwisho, akampungia binti yake mkono mara moja, kisha akageuka kuwapanga watu waliokaa vibaya juu ya mizigo, kwa sababu hakutaka tumwone uso. Ineza hakulia mpaka vumbi lilipotulia barabarani.

"Mwalimu," aliniuliza baadaye, "ningesimama Mbarara, wangekwenda hivihivi?"

"Wangekwenda," nilimwambia. "Wewe ungekuwa bwenini, na wao wangekwenda."

"Na Olga?"

"Olga angedhani mpaka leo kwamba yeye ni mjinga."

Alitikisa kichwa, akalia tena, na mimi nikalia naye palepale mbele za watu. Kisha tukaenda nyumbani kusogeza magunia ya ndagala, ili godoro lake lipate mahali.