Kaburi la Kapteni

Kamati ya ukoo ilipomtuma Ritha kwenda Ushirombo kumhoji shangazi yake, ilidhani imefanya ujanja. Msichana mpole, mwenye adabu, chuo kamaliza, na mkononi kilo mbili za sukari: nani angemkatalia? Hawakumjua Eufrasia. Au tuseme walimjua vizuri, ndiyo maana hawakuja wenyewe.

Alimkuta uani anakata viazi vya kukaushia michembe, vipande vyembamba vinaangukia mkekani bila yeye hata kuvitazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mayu. Geita hawajambo?"

"Hawajambo. Baba anakusalimu sana."

"Sana kiasi gani?"

Ritha akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. Baba yake, Mwigulu, ni mdogo wake Eufrasia kwa baba. Mama zao mbalimbali. Kule Geita ana makarasha matatu ya kusaga mawe ya dhahabu, na alipolipata lile la tatu aligundua kwamba ukoo wa Makoye hauwezi tena kuishi bila mwenyekiti. Tangu hapo kukawa na kamati, kundi la wasapu, na tarehe: Desemba ishirini na saba, ukoo wote ukutane Didia, kule Shinyanga, kwenye mahame ya mzee Makoye. Kutakuwa na kitabu cha historia. Kutakuwa na bango lenye majina ya wote, wazima na wafu. Na makaburi yatajengewa.

Hapo kwenye makaburi ndipo penye kazi. Familia ilihama pale mwaka sabini na nne, wakati wa operesheni ya vijiji, ikasogea barabarani kama ilivyoamriwa, lakini wafu wake iliendelea kuwarudisha kuzikwa kule kule. Sasa ndani ya uzio wa minyaa kulikuwa na matuta na mawe tu. Tuta lipi ni la nani, aliyebaki duniani anajua ni Eufrasia peke yake.

"Nirekodi, shangazi?"

"Rekodi. Anza na mama yangu. Kabula ng'wana Lushinge, mke wa kwanza wa Makoye."

Ritha akainamisha macho, kidole kimeganda juu ya simu.

"Shangazi, nisamehe. Baba amesema huyo tusimweke. Amesema ni kwa ajili ya amani ya ukoo."

"Kumbe ukoo uko vitani na marehemu?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa, na wewe sina ugomvi nawe. Zima hiyo simu." Eufrasia aliendelea kukata viazi, ila sasa kisu kilikuwa kinagonga ubao kwa nguvu. "Mwambie baba yako hivi. Hakuna Kabula, hakuna makaburi. Mkitaka wafu wenu, mtawachukua wote pamoja na wangu. Sukari iache hapo, yenyewe haijakosa kitu."

Ukali huo haukuzaliwa siku ile. Mwaka themanini na mbili, mzee Makoye akiwa ameshakufa, surua iliingia nyumba ya mke mdogo ikalaza watoto watatu. Mama yao naye alikuwa hoi kitandani, kwa hiyo aliyewauguza ni Kabula, mke mkubwa. Wawili wakafa. Mmoja akapona. Na macho ya Kabula wiki ile yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa mekundu siku zote, kama yalivyo ya mwanamke yeyote aliyepikia miti ya pamba na samadi kavu kwa miaka thelathini. Lakini kijiji kikishaanza kutafuta mchawi, habari za moshi hakina muda nazo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja na filimbi zao na pinde zao. Wakamuuliza yule mtoto aliyepona: nani alikuwa anakunywesha dawa? Mtoto akanyoosha kidole kwa mama mkubwa. Wala hakusema uongo. Ni yeye aliyemnywesha, kijiko kwa kijiko, usiku na mchana, na ndiyo sababu alipona.

Mtoto huyo ndiye Mwigulu, mwenyekiti wa kamati.

Kabula alitengwa. Asiuziwe chumvi, asipewe moto, asichote maji kisimani, na atakayemsalimu naye atengwe. Akavuka mbuga kwa miguu akaenda kujenga kibanda ng'ambo, na mwaka wa pili akafa huko. Waliomzika walikuwa wawili: Eufrasia, na mzee Sabiti, Mwislamu muuza vitenge wa mnadani, asiye na undugu nao hata wa kuchanjia, ambaye alisema tu kwamba binadamu haachwi juu ya ardhi. Katika ukoo mzima wa Makoye hakufika mtu. Na tangu siku hiyo, katika ukoo huo ambao kila mtoto hurithi jina la mkubwa aliyetangulia, hakuna binti hata mmoja aliyeitwa Kabula.

Mwigulu alipiga simu kesho yake.

"Dada, haya mambo ni ya zamani."

"Na makaburi ni ya lini, ya juzi?"

"Unajua ninachosema. Kuna wakwe watakuja. Kuna watoto wanatafuta wachumba. Wakisikia kwamba bibi yao alikuwa..."

"Alikuwa nini? Malizia."

Mwigulu alisema mtandao wa Ushirombo ni mbaya, akakata. Eufrasia alirudi kwenye viazi vyake akakata kikapu kizima, na hakujidanganya kuwa ni bidii. Ilikuwa hasira, safi kabisa, ya miaka arobaini na zaidi, na aliona wazi kuwa bado ina nguvu za kwenda nayo mbali.

Kamati haikukwama. Alijitokeza Amosi, binamu yao, mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kusema "sijui", akadai makaburi yote anayafahamu kwa kichwa. Novemba fundi akapelekwa, saruji ikamwagwa, na picha zikarushwa kundini. Enock, mwanawe Eufrasia, akamwonyesha mama yake. Makaburi sita madogo yamesakafiwa, na katikati, ndani ya lililokuwa zizi la ng'ombe, kaburi kubwa la marumaru nyeupe lenye maandishi ya dhahabu: MZEE MAKOYE, MWANZILISHI WA UKOO.

"Hebu ikuze hiyo kubwa," alisema Eufrasia.

Enock akaikuza. Mama yake aliitazama, akaitazama tena, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka.

"Mama, kuna nini?"

"Nikatie tiketi ya Shinyanga," alisema. "Nitahudhuria."

Siku ya ishirini na saba watu walifika kama mia mbili. Waliotoka Geita walikuja na magari yao, waliotoka Mwadui walikodi Kosta, na wa Didia wenyewe walishachinja ng'ombe wawili tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na mbuga yote ilikuwa tope jeusi, lile linalong'ang'ania kiatu mpaka likuvue. Kila mtu alivaa fulana ya njano iliyoandikwa mgongoni MKATAA KWAO NI MTUMWA. Eufrasia alipewa yake akaikunja vizuri, akaiweka kwenye pochi. Alisimama mbele ya bango akasoma majina yote, moja moja, kwa kidole. Penye mke wa kwanza wa Makoye palikuwa na kistari tu.

Mwigulu aliongoza watu mpaka kwenye marumaru. Alikuwa na kipaza sauti, mchungaji kulia kwake, Amosi kushoto kwake.

"Ndugu zangu," alisema, "hapa, ndani ya zizi lake, kwa mila zetu sisi Wasukuma, amelala baba yetu mzee Makoye. Tuvue kofia."

Kofia zikavuliwa.

"Mwigulu," alisema Eufrasia. Hakuhitaji kipaza sauti. "Hapo amelala Kapteni."

"Kapteni nani, dada?"

"Dume la baba. Jekundu, pembe moja imepinda. Lilikufa kwa kimeta mwaka sitini na nane. Bwana mifugo alikuja na chokaa, likachimbiwa shimo refu hapo hapo lilipoangukia, na sisi watoto tukabebeshwa mawe ya kufunika fisi wasifukue. Zizi likahamishwa. Mawe hayo nimeyabeba mimi, kwa kichwa hiki. Mmemjengea ng'ombe marumaru."

Nyuma kabisa mtu mmoja akapasuka kicheko, akafuatwa na wa pili, na muda si mrefu wote wa Mwadui walikuwa wameinama wameshika magoti. Mchungaji alifunga Biblia taratibu, akajifanya anatafuta miwani.

"Huyu mama anatuharibia shughuli!" Amosi alifoka. "Tuchimbe tuone!"

"Chimba wewe. Kimeta hakiozi, baba. Kinakaa ardhini kinamsubiri mjuaji."

Amosi, aliyekuwa amesimama juu ya marumaru, akashuka.

Mwigulu alikuwa hacheki. Alizima kipaza sauti, akamsogelea dada yake, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, umetuaibisha vya kutosha. Tuonyeshe baba alipo."

"Baba mwenyewe alichagua pa kulala kabla hajafa. Alisema azikwe mlangoni kwa mke wake mkubwa. Nyumba yenyewe iliteketezwa wakati wa operesheni, lakini mlango ulipokuwa napajua hata nikifumbwa macho. Sasa wewe niambie: nitawaonyeshaje mlango wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo?"

"Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mama yangu mlimfanyia mbele ya watu." Sasa sauti yake ilisikika hadi kwenye masufuria. "Mmevaa maneno mgongoni, someni basi, someaneni! Mkataa kwao ni mtumwa. Mama yangu alikuwa kwao hapa. Alilima hapa, alizaa hapa, watoto wa mke mwenzie aliwabeba mgongoni kwake hapa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuwapikia ninyi. Sitaki ng'ombe, sitaki marumaru, sitaki fulana. Nataka mwenyekiti alitaje jina lake kwa mdomo wake. Asipolitaja, napanda gari narudi Ushirombo, na siku nikifa mimi, ukoo huu hautajua babu yake yuko wapi. Mtabaki na Kapteni."

Hakuna aliyecheka tena. Wazee wawili wa Didia walitazama chini. Walikuwa vijana wakati ule, na filimbi walizipuliza. Ritha alitoka katikati ya wenzake akasogea kwa baba yake. Alisimama tu akimtazama, kama mtu aliyeuliza swali na ana muda wa kungoja.

Mwigulu alikiwasha tena kipaza sauti. Alianza, akakohoa, akaanza upya.

"Mke wa kwanza wa baba yetu," alisema, "aliitwa Kabula. Kabula ng'wana Lushinge." Watu walidhani amemaliza, baadhi yao wakaanza kuvaa kofia. "Hakuwa mchawi. Niliugua surua, akaninywesha dawa, nikapona. Waliponiuliza nani kaninywesha, mimi ndiye niliyemnyooshea kidole. Miaka yote hii nimesema nalinda amani ya ukoo. Nilikuwa najilinda mimi."

Akageuka kwa Eufrasia, uso umelowa, mbele ya wakwe, mbele ya wa Mwadui, mbele ya wote.

"Dada, nilikuwa na miaka minane."

"Najua. Yule wa miaka minane nilimsamehe siku ile ile," alisema Eufrasia. Moyo ulimuuma kumwona vile, tena sana, maana huyu, alipokuwa mchanga, yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. "Aliyeweka kistari kwenye bango ana miaka hamsini na moja. Huyo bado."

Mwigulu akaitikia kwa kichwa. Mchungaji, aliyeona kwamba sasa pengine ibada inaweza kuendelea, aliuliza kwa upole kama wangeanza na sala mlangoni alipolala mzee.

"Baba atasubiri," alisema Eufrasia. "Ana watoto, ana wajukuu, ana bango. Tunaanza ng'ambo kwa yule aliyezikwa na watu wawili. Wote. Na fulana zenu hizo."

Wanawake wa Geita walitazama viatu vyao, wakatazama mbuga, weusi mtupu hadi upeo wa macho. Ritha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua vyake. Kisha Mwigulu akaketi pale pale kwenye marumaru ya Kapteni, akafungua kamba, akakunja suruali hadi magotini, akasimama peku. Ndipo ilipomjia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukanyaga huko anakotakiwa kuwaongoza watu.

"Nipite wapi, dada?"

"Vuka mbuga, halafu uliza njia ya kwenda Kwa Kabula," alisema Eufrasia. "Mlimnyima maji, akachimba kisima chake mwenyewe. Kijiji kizima cha kule kinakunywa hapo hadi leo, na ndivyo wanavyopaita. Mtoto yeyote atakuonyesha."