Zamu ya Kitovu

Asubuhi, jua likishapanda juu ya milima ya Ubwari, mwanga ulitoka ziwani, ukapenya kwenye kidirisha cha chumba, ukaja kucheza ukutani. Ulitetemeka, ukanyooka, ukatetemeka tena. Kulthumu alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha uzazi, macho nusu wazi, akaona kana kwamba nyumba nzima imeng'oka kutoka mji wa Baraka na inaelea polepole, yeye na mwanawe ndani, bila kasia na bila mtu wa kuwauliza wanakwenda wapi.

Hivyo ndivyo siku zake zilivyopita tangu ajifungue. Mwanamke aliye ndani ya arobaini hatoki, hapiki, hachoti maji. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji, ananyonyesha, analala, anaamka, na kati ya kulala na kuamka hakuna mpaka anaoweza kuuonyesha kwa kidole. Mumewe Uledi alikuwa safarini na mashua, upande wa Kigoma. Jina la mtoto lilikuwa linamngoja baba yake arudi. Kwa sasa aliitwa Mgeni tu, na alilala kwa amani ya mgeni asiyejua bado amefikia kwa nani.

Lakini asubuhi ile pua ya Kulthumu ilikuwa macho kuliko yeye mwenyewe. Alimwinamia mtoto kumbusu tumboni, akasita papo hapo. Chini ya harufu ya maziwa na mawese kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, ya kitu kinachoanza kuoza. Ilitoka chini ya ufungo.

Ufungo ulikuwa kazi ya mama mkwe wake, Bibi Waridi. Mtoto alikuwa wa kiume, na kwa watu wa nyumba ile jambo la kuogopwa kwa mtoto wa kiume ni moja: kitovu kikikauka na kukatika, kisiuangukie uume wake. Kikiuangukia, atakua mwanamume wa ndevu na sauti, lakini kizazi hatakuwa nacho. Kwa hiyo Bibi Waridi alikipaka kitovu masizi yaliyokorogwa na mawese, akakilaza kielekee juu, akachana kikwembe, kitenge chake cha zamani, na kuuzungusha ukanda wake tumboni mwa mtoto hadi karibu na kwapa. Uledi alifungwa vivyo hivyo alipozaliwa. Kule Lweba alikuwako mvuvi mmoja aliyeoa na kuoa tena asipate hata mtoto wa kusingiziwa, na Bibi Waridi alimtaja kila alipokaza fundo. Mama yake mvuvi yule, alisema, alisinzia kitovu kikiwa karibu kukatika.

Ukanda haukufunguliwa tangu siku ile. Mkojo uliufikia, jasho liliufikia, maziwa yaliyocheuliwa yaliufikia.

Kulthumu aliijua harufu ile. Kabla ya Mgeni alizaa msichana. Msichana hafungwi ukanda, lakini masizi alipakwa, tena mengi. Siku moja aliacha kunyonya. Taya lilikaza, mgongo ukapinda kama upinde, na upepo ukipita tu mlangoni mwili wote ulikakamaa. Wanawake wakasema ni ndege, ndege mbaya amepita juu ya paa. Kulthumu hakubisha, kwa kuwa hakuwa na neno lingine la kuweka mahali pa lile. Alichobaki nacho ni harufu. Na sasa ilikuwa imerudi, imelala kando yake kitandani.

Alipokuja Constance, jirani wa ng'ambo ya ua, Kulthumu hakumwambia kitu. Alimpa mtoto tu ambebe. Constance alikuwa Mkatoliki, mke wa Placide mshona nguo. Kabla ya kuolewa aliwahi kuwasaidia masista kwenye nyumba ya uzazi ya misheni, akichemsha vyombo na kufua mawinda. Alimpokea mtoto, akamwinamia, akakunja uso.

"Mama Waridi," alisema, "mutoto iko nanuka."

"Wewe njo unanuka, na ile sabuni yako ya misheni," Bibi Waridi alijibu kutoka mlangoni, bila kugeuka.

Haukuwa ugomvi. Miaka yote ile wanawake wawili wale walipeana moto, chumvi na matusi juu ya ua uleule. Constance akaketi, akaeleza taratibu. Kitovu ni kidonda kama kidonda kingine, alisema, na kidonda kinataka hewa. Kikifungwa kwenye majimaji kinaoza. Hayo masizi ya chungu ndiyo yanaingiza ugonjwa wa taya, si ndege. Mtu aoshe mikono kwa sabuni kwanza, achukue kitambaa kilichochemshwa na maji yaliyochemshwa yakapoa, asafishe, akaushe, aache wazi, na winda lifungwe chini ya kitovu, si juu yake. Na kama wekundu ukizidi kutambaa tumboni, au mtoto akilikataa titi, arobaini au si arobaini, achukuliwe mbio kwa masista.

Bibi Waridi aliuliza masista hao wamezaa watoto wangapi. Constance akakiri kwamba hakuna hata mmoja.

"Na Placide wako? Kitovu chake kilianguka wapi?"

"Sijui, mama. Lakini niko na batoto bane, na wa tano iko mu njia. Kama kilianguka pale, basi kilianguka vizuri."

Bibi Waridi alicheka mpaka akashika kizingiti. Kisha kicheko kikamwisha usoni. Nyumba hii, alisema, haina mchezo na jambo hili. Katika watoto wote aliowazaa, Uledi peke yake ndiye aliyebaki juu ya ardhi. Uzao wote wa mume wake marehemu umeingia katika kile kitoto kilicholala pale. Kikifungwa vibaya, nyumba imefungwa. Constance aliweka kipande cha sabuni kando ya mto wa Kulthumu, akaaga.

Mwanga wa ziwa ulikuwa umepanda ukuta na kufika kwenye boriti. Kulthumu aliutazama, na alipouacha aliona mikono yake iko tayari kwenye fundo la ukanda. Hakukumbuka kuituma. Ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine anayefanya kazi chini ya maji, taratibu, bila sauti.

Mkono wa Bibi Waridi ukamkamata kifundo cha mkono.

"Unataka mwana wa mwanangu akose kizazi?"

Kulthumu hakuwa mtu wa kumjibu mama mkwe. Tangu aolewe alisema ndiyo mama, na haya mama, na pale alipotaka kusema hapana alikaa kimya. Sasa alisema, kwa sauti ileile ya chini:

"Mama, huyu hajawa baba wa muntu bado. Tumuache kwanza akuwe mutoto."

Mkono ule ukaachia.

Walifungua pamoja. Mzunguko wa mwisho wa ukanda ulikuwa umenata, ikabidi uloweshwe ndipo utoke. Kitovu kilikuwa kimelowa, cheusi kwa masizi, na kando yake ngozi ilikuwa nyekundu. Harufu ikajaa chumbani. Bibi Waridi aliinama, akanusa, akakaa chini kwenye mkeka. Ndiye aliyemwosha yule msichana kabla hajavikwa sanda. Naye pia alikuwa na pua.

Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulia kwa baridi. Ndipo akasema:

"Basi. Kikae wazi. Lakini tutakiangalia kwa zamu. Wewe ukilala, mi niko macho. Mi nikilala, we uko macho. Siku kinakatika, mukono ukuwe pale kukidaka."

Tangu hapo Bibi Waridi alikuwa mkali wa usafi kuliko masista wote wa misheni. Sufuria moja ilitengwa kwa maji ya mtoto tu, na ole wake atakayeichemshia mihogo. Mawinda, yaliyokuwa yakianikwa kwenye mchanga kando ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, nzi wakitoka kwenye samaki na kutua kwenye nguo, yalihamishiwa kwenye kamba, juani, mbali na pwani. Wageni walikutana na beseni na sabuni mlangoni. Shangazi mmoja wa Uledi alisema ameosha mikono kwake kabla ya kuja. Akaambiwa aioshe tena, mtoto hakumwona alipoiosha.

Kila asubuhi Kulthumu alipitisha kitambaa kuzunguka kitovu, akianzia pale kilipoungana na ngozi. Akapangusa mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, kwapani, ambako maziwa hujificha na kuchacha. Mtoto alimtazama bila kumwona, akinyoosha vidole kama anayepapasa kitu ndani ya ndoto. Wekundu ulififia. Harufu ilipungua, ikawa ya kutafutwa, kisha ikawa haitafutiki. Kitovu kilikauka kikawa kigumu, kama kijiti cha karafuu.

Na kadiri kilivyokauka, ndivyo zamu zilivyokuwa nzito. Kilining'inia. Kilishikwa na uzi mdogo wa nyama, na mtoto akipiga chafya, wanawake wawili waliruka. Kulthumu alikitazama mpaka chumba kikayeyuka na kubaki kile tu, mfano wa kamba ya mwisho inayoishika mashua gatini. Wakati mwingine, katika kutazama huko, alimwona msichana wake ameketi miguuni mwa kitanda. Hakuwa na mgongo uliopinda. Alikuwa ameketi vizuri, mkono chini ya kidevu, naye akimtazama mdogo wake. Hakuuliza kitu. Kulthumu hakuogopa. Alijisogeza kidogo tu ili mtoto yule apate nafasi ya kukaa, na aliposogea alikuta pale shuka tu, yenye joto la jua.

Ikaja siku ya joto kali, ya upepo kusimama. Ziwa lilikuwa bati. Hata kuku walikuwa wamelala. Baada ya sala ya adhuhuri Bibi Waridi alishika zamu. Alikaa kwenye mkeka, kifua ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia umelazwa karibu na paja la mtoto, kiganja juu, kama anayeomba sadaka. Kulthumu akafumba macho, akazama.

Hakujua ni nini kilichomwamsha. Chumba kilikuwa na mwanga wa asali. Mtoto alikuwa macho, uchi, anapiga miguu hewani kimyakimya. Bibi Waridi alikuwa amesinzia, mdomo wazi, shavu juu ya kitanda, kiganja bado kikingoja. Na kitovu hakikuwapo mahali pake.

Kilikuwa chini kidogo. Kilikuwa kimelala juu ya kijiuume cha mwanawe, sawasawa, kama kilichowekwa na mtu.

Kulthumu hakupumua. Alimwona mvuvi wa Lweba ambaye hajawahi kumwona, akivuta wavu mtupu, peke yake. Alimwona Uledi akirudi kutoka Kigoma na kuambiwa. Akaiona miaka yote ijayo, kila jirani akimtazama kijana huyu akipita na kuhesabu moyoni. Kisha akatazama kilichokuwa mbele yake. Pale kilipokatika palibaki kishimo kidogo kikavu, cha rangi ya waridi. Tumbo lilipanda na kushuka. Taya lilikuwa laini, ulimi ukitafuta titi. Mtoto alikuwa hai, na alikuwa hai kila mahali.

Akanyoosha mkono, akakiokota kile kijiti kwa ncha za vidole. Kilikuwa chepesi kuliko bawa la mdudu. Akakishusha kwenye kiganja cha mama mkwe wake, na vidole vya mama yule vikakunjika usingizini, kama mtoto mchanga anavyovikunja vyake juu ya kidole cha mtu.

Alikuwa hajarudisha kichwa kwenye mto, mtoto alipokojoa. Mkojo ulipanda juu, ukapinda vizuri, ukatua kwenye paji la uso la bibi yake.

Bibi Waridi aliamka akipepesa macho. Alimtazama mtoto, akatazama tumbo, na uso wake ukaporomoka. Ndipo alipouhisi mkono. Akaufungua polepole. Alikitazama kilichokuwa ndani kwa muda mrefu, mkojo ukimtiririka puani bila kufutwa.

"Kulthumu," aliita. "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

Bibi Waridi alipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyeshuka mlima na mzigo. "Nimekidaka," alisema. Kisha kwa sauti yenye nguvu zaidi: "Minakuambia nimekidaka, hata chini hakijafika."

Aliosha mikono, akajifunga kikwembe kizuri, akachukua jembe. Kulthumu alimsikia nje akichimba kando ya mchikichi mchanga nyuma ya nyumba, na Constance akiuliza kutoka ng'ambo ya ua kuna nini. Akamsikia mama mkwe wake akisimulia jinsi kitovu kilivyokatika ghafla, jinsi kilivyoruka, jinsi mwanamke wa umri ule alivyokinasa hewani kwa mkono mmoja. Constance alisema hajawahi kusikia mkono mwepesi kama huo, hata kwa masista. Bibi Waridi akamwambia masista wangeweza kuja kujifunza, mlango uko wazi, ila waoshe mikono.

Kulthumu alimvisha mtoto winda, akamweka titini. Macho yake yalikuwa yakifumba. Aliyaacha yafumbe, na kwa mara ya kwanza tangu ufungo ufunguliwe, chumbani mle hapakuwa na mtu wa zamu.