Kisu Kilichotakata

Kaka yangu Valentine ana mdomo, na safari hii mdomo wake ulimfikia Baba kitandani Machame. Alimwambia kwamba mimi, Elinaja, kitindamimba niliyekabidhiwa kisu cha Babu, nimekiuza kwa Wazungu huku London na kununua cha bandia kinachofanana nacho. Baba akasema hanipi baraka zake mpaka ajue ukweli. Na Baba alikuwa anapumulia mashine.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, cha jeshi la Mjerumani. Babu alirudi nacho kutoka Vita vya Kwanza. Tangu hapo kila mbuzi wa ukoo, wa arusi au wa msiba, alichinjwa kwa kisu hicho, kisha kikapanguswa kwa jani la mgomba, basi.

Ningeweza kumpigia Baba nikamwonyesha. Lakini ningemwonyesha, Valentine angesema siku hizi watu wanaiga mpaka kutu. Nilitaka cheti cha kumziba mdomo. Nikakiviringisha kwenye taulo, maana huku ukikutwa na kisu mfukoni maelezo unayatolea kituo cha polisi, nikapanda basi hadi Kilburn kwa Jaspreet, mama anayekagua silaha za zamani.

Jaspreet alikigeuza chini ya taa. Mpini wa pembe, sawa. Pini za chuma, sawa. Lakini muhuri wa kiwanda hugongwa penye shina la bapa, karibu na mpini, na pale palikuwa na gamba jeusi, gumu.

"Bila muhuri siandiki kitu," akasema. "Niliondoe hili? Wengine hawapendi."

"Liondoe."

"Una hakika?"

"Baba yangu anakufa, dada. Ondoa!"

Akasugua bapa zima kwa pamba na dawa. Herufi zikaibuka polepole: Solingen, mji wa Wajerumani unaosifika kwa visu. Akatikisa kichwa kukubali. Ni chenyewe, cha wakati ule ule. Nililia pale pale dukani bila haya, nikampigia Valentine kwa video kabla hata wino wa cheti haujakauka.

"Mpe Baba simu, kaka."

Uso wa Baba ukajaa kwenye kioo, mipira ya oksijeni puani.

"Shikamoo, Baba. Kisu hiki hapa. Mtaalamu amethibitisha."

Akakitazama. Kilikuwa kinang'aa kama kijiko kipya.

"Hicho sicho," akasema. "Cha baba yangu kilikuwa cheusi. Damu ya mbuzi wa arusi yangu ilikuwa pale kinapokunjwa."

"Ni hicho hicho, Baba! Kimesafishwa tu!"

"Nani anaosha kisu cha ukoo?"

Cheti kilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyekiulizia. Nikapiga magoti, nikapekua ndoo ya taka ya Jaspreet, nikatoa zile pamba nyeusi na kuzileta mbele ya kamera.

"Baba, tazama! Damu yenyewe hii hapa!"

Aliyejibu ni Valentine, kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote.

"Naja, amegeukia ukutani."