Amina ya Karyeri

Mama Élodie alipakua maharagwe kwa wapasua mawe huku akikwepa kumtazama jirani yake. Banda lake lilikuwa kwenye lango la karyeri, shimo jeusi la mawe ya volkano, na vumbi lilishazoea kuingia kwenye sufuria bila kubisha hodi. Maharagwe yalikuwa yamepanda bei tena kule soko la Birere, basi kila sahani ilipungua kidogo. Wateja walinung'unika, wakala.

Jirani huyo, Nyirakamana, mjane aliyekimbia vita kutoka Rutshuru, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Hakusema neno juu ya msalaba mwekundu uliopakwa ukutani kwake, alama ya nyumba zitakazobomolewa. Afadhali angemtukana. Ukuta ulikuwa umepasuka tangu mashine ya kuponda mawe ilipoanza kunguruma, na sasa kampuni ilitaka kupanua shimo mpaka pale nyumba yake iliposimama.

Kosa lilikuwa la Mama Élodie, naye alilijua. Katika kikao cha kwanza cha kuuliza wakaaji maoni, watu walilalamika kweli: nyufa, vumbi, kikohozi cha watoto. Mwishoni Bwana Namegabe, afisa wa mazingira aliyekuwa akiandika ripoti, alimwomba yeye, kiongozi wa sala wa shirika lao la kanisani, afunge. Akafunga kama alivyofunga kila kikao maishani mwake: Mungu aibariki kazi hii na walioileta. Wote wakaitikia amina. Vijana waliokuja kupaka misalaba ndio waliomfungua macho, wakicheka, eti ripoti inasema wakaaji wameupokea mradi kwa sala. Nyufa hazikutajwa. Na tangu kikao kile hakuna mlinzi aliyemfukuza tena pale langoni. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Alasiri hiyo kiliitishwa kikao cha mwisho kabla ya kibali cha kupanua shimo. Viti vya plastiki, hema, na chupa ya sukre, soda ya baridi, kwa kila mtu. Wakubwa wakitaka kukunyang'anya kitu, hukunywesha kwanza. Nyirakamana aliuliza atahamia wapi. Namegabe akamjibu kwa upole kwamba jambo lake litaangaliwa.

Mama Élodie akasimama.

"Papa Namegabe, ile siku niliomba sala ya kufunga kikao. Sikuuza nyumba ya mutu. Muandike ivyo."

"Tumesikia, mama," alisema Namegabe. Kalamu yake ililala mezani. Akazungumza kidogo juu ya maendeleo, kisha akatabasamu. "Sasa, kama kawaida, mama yetu atufungie na sala."

Watu walikuwa wameshainamisha vichwa.

"Leo siombi," alisema Mama Élodie, akaketi.

Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu misalaba ipakwe, karibu acheke. Lakini Namegabe hakukasirika. Alivua kofia yake, akafumba macho, akaomba mwenyewe. Aliomba vizuri, jamani. Aliombea amani ya Kivu, waliolala mahospitalini, wajane na yatima, na mwisho kabisa, kwa sauti ileile, aliuombea mradi. Nani angeinyima amina sala ya amani?

Amina ikatoka chini ya hema lote. Mama Élodie aliuma midomo. Kando yake alisikia sauti nyembamba ikiitikia pamoja na wengine, akageuka. Alikuwa Nyirakamana, amefumba macho, rozari mkononi.

"Mama Nyirakamana, na weye?"

Mjane yule alishtuka kama aliyefumaniwa akiiba.

"Ningeachaje sala ya Mungu bila amina, mama?" alinong'ona. "Weye njo ulitufundisha."

Mbele yao, Namegabe alikuwa ameshika kalamu, anaandika.