Mkia wa Buluu Kwenye Uji

Mjukuu wangu Lusia alikuwa na homa, na uji hakuutaka mpaka nimtegee kitendawili. Akishindwa, ananipa mji, halafu anakubali kijiko. Miji anayoijua ni mitatu tu: Kharumwa tunapokaa, Shinyanga alikozaliwa, na Nkome kwa bibi yake mwingine. Kwa hiyo kila siku nilikuwa natajirika kwa miji ileile.

Siku hiyo bibi mwingine akaja kumwona mgonjwa. Huyo ni mkwe wangu Paskazia, mama yake Violeth, na Violeth ni mke wa mwanangu Maduhu. Aliposhuka kwenye bodaboda na furushi lake la dagaa, Maduhu akamwamkia kwa mbali, kwa kumstahi mama mkwe, akatokea mlango wa nyuma akaenda zake machimboni. Tukabaki wanawake.

Jikoni kulijaa viroba vya mawe. Maduhu anayatoa kule kilimani wanakochimba dhahabu, anayaleta nyumbani kuyatwanga. Mimi nikaweka bakuli la uji juu ya kiroba kimojawapo lipoe, nikageuka kuchochea moto. Nyuma yangu kuku akawa anadonoa kitu huku anapiga kelele. Nikamtupia mwiko bila hata kutazama, akatoka mbio. Basi, uji ulipopoa nikachukua bakuli, nikaenda kuketi na mtoto mapajani.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

Sikutega. Ndani ya uji kulikuwa na kitu kinacheza. Chembamba, kirefu kama kidole cha mtoto, buluu kama wino wa kalamu. Kinajikunja, kinajinyoosha, kinajikunja tena. Kichwa hakina. Miguu hakina. Uji unaruka pembeni.

Violeth akampokonya mtoto mapajani mwangu, nusura bakuli limwagike. Aliyesema ni mama yake.

"Mkwe, hicho ni nini?"

"Sijui."

"Uji umepika wewe?"

"Nimepika mimi."

"Na umeuleta wewe?"

"Nimeuleta mimi, mkwe wangu."

"Violeth, funga nguo za mtoto. Leo analala Nkome, na huku harudi."

"Mama, labda ni mkia wa mjusi," Violeth akasema polepole.

"Mjusi gani wa buluu? Mijusi wangu wa ukutani ni wa kijivu, wanakula mbu usiku kucha, nawajua mpaka mayai yao. Na hata ukiwa mkia, umetembea wenyewe hadi kwenye uji wa mgonjwa?"

Kisha akanitazama machoni. Macho yangu ni mekundu, ni moshi wa miaka mingi, na huku kwetu kila mtu anajua mwanamke mzee mwenye macho hayo huitwaje. Hakulitamka hilo jina la mchawi. Violeth naye akanitazama, halafu akamfunika mtoto uso kwa kanga, nisimwone.

Violeth niliyemkanda kwa mikono hii alipojifungua. Masikio yalikuwa yananivuma kama mashine ya kusaga, na mle bakulini kile kitu bado kinacheza.

Ndipo nikamkumbuka kuku.

"Njooni jikoni," nikasema. "Mkishaona, nendeni."

Nikafungua kiroba, nikaanza kutoa jiwe moja moja. Vumbi. Vumbi tena. Chini ya jiwe bapa lenye ufa nikamkuta amejibana: mjusi mdogo mweusi, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, mistari ya njano mgongoni. Palipotakiwa kuwa na mkia pana kidonda kibichi. Ndani ya ufa wa jiwe hilo alikuwepo mwenzake, na wake mkia ulikuwa mzima, buluu ileile.

Hawa si wa ukutani. Nyumba yao ni nyufa za mawe kule kilimani. Asubuhi huota jua juu ya mwamba, kivuli cha mwewe kikipita hutumbukia ufani. Maduhu alikuwa amebeba nyumba na wenyewe wakiwa ndani.

"Kitendawili," nikasema.

Kuku alikuwa amerudi mlangoni, anakikodolea macho kiroba. Paskazia akamtazama kuku, akatazama kile kidonda.

"Tega, mkwe."

"Adui kanikamata, nikamwachia mcheza ngoma, nikaenda zangu."

Jibu alikuwa nalo, nililiona usoni kwake.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

Akafuta vumbi mkononi ambalo hata halikuwepo. "Chukua Nkome," akasema.

Tukarudi ndani. Violeth akamrudisha mtoto mapajani mwangu, anatazama chini. Lusia akachungulia bakulini.

"Bibi, kimelala."

Kweli, mkia ulikuwa umetulia. Mikono yangu bado ilikuwa inacheza.