Kilo Sita na Nusu

Mkono wa Mama Pasi ulifika chini kabisa ya begi, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukakutana na chupa ya maji, taulo, mfuko wa mikate na soksi za mumewe. Akaanza upya kutoka juu, kana kwamba sweta ni kitu kinachoweza kujificha. Haikuwemo.

"Unatafuta nini?" mumewe akauliza. Alikuwa amempa mgongo, anaitazama njia.

"Sweta yangu."

"Niliitoa."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa kama alifunga mlango.

"Uliitoa lini?"

"Siku ile tunaondoka nyumbani, ulipokuwa unaoga. Na yangu niliitoa, usije ukasema nimekuonea. Zote mbili ziko juu ya kabati. Hiki ni kisiwa cha joto, mama. Kubeba sweta huku si sawa na kuingia bafuni na mwavuli?"

Mama Pasi hakucheka. Walikuwa nusu ya safari ya kupanda mlima wa volkano, pale miti inapokoma na mawe meusi yanapoanza, na ukungu ulikuwa umeteremka kuwalaki. Upepo ulilipita gauni lake la pamba kama vile halikuwepo, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama hadi mabegani. Aliifunga zipu ya begi polepole, kwa sababu angeifunga haraka angeing'oa.

Mume huyo watu wote walimwita Winchi. Alikuwa amebeba magunia kwenye maghala kwa miaka thelathini, na jina alilipata siku alipoinua peke yake mzigo ambao winchi, mashine ya ghala, ilikuwa imegoma kuuinua. Kipaji chake kilikuwa mkono. Mpe kitu chochote, atakitikisa mara moja akutajie uzito wake, na mizani ikiletwa, ni mizani itakayoona haya. Kwa mtu wa namna hiyo dunia ina mafungu mawili tu, yanayobebeka na yasiyo na maana. Walipohama nyumba, mwaka wa tano wa ndoa yao, aliiacha nyuma cherehani ya marehemu mama mkwe wake. Chuma kitupu, alisema. Mama Pasi aligundua jioni, wamekwisha fika, na waliporudi kesho yake cherehani ilikuwa imekwisha pata wenyewe. Winchi hajaomba radhi kwa hilo mpaka leo. Kwa haki ya Mungu, hajui kama kuna la kuombea radhi.

Safari hii alikuwa ameamuru begi moja la watu wawili kwa siku nne. Mama Pasi alipomaliza kulipanga, Winchi alilipima kwa mkono akasema kilo nane, akaguna, akaenda kulala. Asubuhi, mbele ya majirani waliotoka kuwaaga, akaliinua kwa kidole kimoja cha kati na kutangaza, "Kilo sita na nusu!" Majirani wakamsifu. Mama Pasi aliisikia tofauti ile, na badala ya kulifungua begi palepale, akadhani mkono wa mzee umeanza kuchoka. Akamwonea huruma. Hilo ndilo lililomuuma zaidi sasa, kwamba alimwonea huruma.

Yeye naye alikuwa na kipaji chake, ila hakuna aliyekipigia makofi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dobi katika hoteli kubwa ya upande wa pili wa bahari, hoteli ambamo wageni hulala wakitoka kisiwani. Mlima huu aliujua kabla ya kuuona. Aliujua kwa mifuko ya suruali. Kuna mchanga wa kijivu, laini mno, unaokaa kwenye pindo na mishono, na dobi asiyeujua huitia nguo majini moja kwa moja. Huyo ameiua. Mchanga ule ukipata maji huwa uji unaokula nyuzi. Lazima nguo ikung'utwe kavu kwanza, nje, upepo ukiwa nyuma yako. Na kila wiki zililetwa sweta nzito zinazonuka kiberiti, viwiko vimechafuka, kwa hiyo baridi ya huku juu aliijua kama anavyolijua jina lake. Mambo mengine pia aliyajua kwa nguo. Wanandoa wakifika hutuma mfuko mmoja, mikono ya shati imejisokota na ya gauni. Wakigombana, hutuma mifuko miwili yenye lebo mbili. Mama Pasi hakuhitaji kuambiwa habari za chumba cha mtu.

Siku hizi nne za kisiwani zilikuwa zawadi ya hoteli kwa utumishi wake, yeye na mwenzi wake. Winchi alipoulizwa na jirani, alisema, "Nimeamua kumtembeza mke wangu."

Na kulikuwa na jambo ambalo Winchi hakulijua. Siku ya kwanza, wakati yeye yuko ufukweni analalamika kwamba mchanga mweusi unaunguza, meneja wa hoteli ya hapa kisiwani, ambayo ni ya tajiri yuleyule aliyemwajiri, alimwita Mama Pasi kando. Dobi mkuu alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi. Walimtaka yeye. "Chumba kipo," meneja alisema, "cha watu wawili, na kibaraza nyuma. Mzungumze na mzee, unipe jibu kabla ya boti yenu ya kurudi." Boti ile sasa ilikuwa ya kesho. Siku ya pili alitaka kumwambia wakiwa kwenye chemchemi ya maji moto, lakini Winchi alikuwa anamfundisha namna ya kukunja taulo. Dobi wa miaka ishirini na miwili anafundishwa kukunja taulo. Akanyamaza.

"Ungeniuliza," alisema sasa, akilisukuma begi kifuani kwa mumewe.

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizana."

"Haya. Nimekosa. Turudi nyumbani tukazifuate?"

"Mlinzi wa lango alituambia juu kuna baridi. Akauliza kama tuna nguo. Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu sisi tumezoea kusafiri wepesi."

"Wewe ndiye uliyezoea," Mama Pasi akasema. "Mimi nimezoea kuvumilia. Usivichanganye."

Winchi akalipachika begi mgongoni na kushika njia. Alikuwa na mwendo wa makuli, hatua fupi, goti halinyooki mpaka mwisho, na hakuna siku aliyowahi kumwuliza mtu wa nyuma kama amechoka. Mama Pasi alimfuata akiwa ameviweka viganja kwapani. Mawe yalikuwa na makali, yamejaa vitundu kama sponji, na kila alipojishika yalimchubua. Maneno yalimjaa kinywani. Alikuwa na ghala zima la maneno ya miaka ishirini na sita, yamekunjwa vizuri, yanangoja siku yao.

Kijana na msichana walikuwa wanateremka, kila mmoja na kofia ya sufu na kijifuko kidogo mgongoni.

"Shikamooni," kijana akasema, akasita. "Hamna makoti?"

"Marahaba," Winchi akajibu. "Damu yetu bado ni ya moto."

Meno yake yaligongana katikati ya neno la mwisho. Vijana wale walitazamana, wakapita. Mama Pasi alikitazama kiwiko cha sweta ya msichana, kilichojaa kijivu, akajisemea moyoni, akakung'ute kwanza, asikimbilie maji. Kisha akautazama mgongo wa mumewe, jinsi shati lilivyolowa ukungu na kugandamana na mbavu, jinsi mabega yalivyokuwa yanamtetemeka chini ya mikanda ya begi. Alifurahi. Furaha ile ilimtia aibu kidogo, lakini si sana.

"Husikii baridi?" akamwuliza.

"Sisikii."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sasa umebeba wa kwako. Una kilo ngapi?"

Winchi akaikaza mikanda ya begi na kuongeza mwendo. Walitembea hivyo karibu saa nzima, mpaka njia ilipokatika ghafla mbele yao na mlima ukawa umekwisha. Mbele palikuwa na shimo. Ukungu ulilijaza hadi ukingoni, na kutoka ndani ulipanda moshi mwepesi wenye ile harufu aliyoifua Mama Pasi miaka yote. Hakuna kingine kilichoonekana.

"Ndilo hili?" Winchi akauliza.

"Ndilo."

"Watu wana nafasi jamani. Kuvuka bahari kuja kutazama moshi."

Mama Pasi alihisi amepigwa kofi. Alikuwa ametaka kupaona hapa kwa miaka yote ile, kupaona pale panapozaliwa mchanga aliokuwa akiukung'uta, na hakuwahi kumweleza mtu kwa sababu ni jambo la kuchekesha dobi kulisema. Alilitazama shimo na kulipenda, kwa hasira.

Karibu na ukingo palikuwa na ufa kwenye mwamba, mpana kama mlango wa jiko, unapumua hewa ya moto. Baridi iliwafanya wasichague. Waliketi, yeye upande huu, mumewe upande ule, wakaikinga mikono juu ya ufa. Vidole vyao havikugusana. Mikono ya Winchi ilikuwa imevimba vifundo, na kidole kile cha kati, alichoinulia begi, kilikuwa hakinyooki. Mama Pasi hakukumbuka kimeanza lini kutonyooka.

"Nimepata kazi hapa kisiwani," akasema. "Dobi mkuu."

Winchi aliinua macho. "Tangu lini?"

"Tangu siku tuliyofika."

"Siku zote hizi umekaa nayo kifuani?"

"Nimekaa nayo."

"Ungeniambia, mama."

"Ungeitoa."

Alilitazama neno hilo likimwingia. Lilimwingia polepole, maana Winchi hakuwa mwepesi wa maneno, lakini lilifika. Chini yao ufa ulipumua, ukanyamaza, ukapumua tena.

"Wanakupa chumba?" hatimaye akauliza.

"Wananipa."

"Cha watu wangapi?"

Mama Pasi alijua angeulizwa hivyo. Hilo ndilo swali ambalo Winchi huuliza akionyeshwa gari, jahazi, kitanda, hata kaburi: linaingiza wangapi. Neno la meneja lilikuwa pale pale ulimini, jepesi, la kweli. Akaitazama ile mikono. Akaikumbuka cherehani, akalikumbuka taulo, akakumbuka jinsi majirani walivyosifu na yeye akatabasamu nao. Alitaka sana kuumiza. Alitaka pia, mara moja tu katika maisha yake, kupanga begi bila mtu kuja nyuma kulipangua.

"Cha mmoja," akasema.

Alisubiri kelele. Alikuwa tayari kwa kelele, ghala lake lilikuwa wazi na kila neno liko mkononi. Winchi aliigeuza mikono juu ya ule moto, viganja juu, kisha chini.

"Basi hutahitaji vitu vingi," akasema. "Mtu mmoja ni mzigo mdogo."

Hakukuwa na kijembe ndani yake. Alikuwa anapima tu, kama anavyopima kila kitu, na Mama Pasi akaona kwamba ameuamini uongo wake mzima, na kwamba hata hajajaribu kuutikisa aone uzito wake. Maneno ya miaka ishirini na sita yalibaki kinywani, hayana pa kwenda. Angempiga. Angemwambia, wawili, mzee, na kibaraza nyuma. Hakufanya lolote kati ya hayo. Ukungu ulifunguka kidogo na shimo likaonekana hadi chini, likiwa la njano na jeusi, kisha likafungwa.

"Boti ni asubuhi," Winchi akasema, akasimama kwa kujishika magoti. "Tushuke."

Njia ya kushukia ilikuwa upande mwingine wa ukingo, mteremko mtupu wa changarawe nyeusi, mahali ambapo hakuna jiwe la kushika wala mzizi. Alitangulia yeye, begi mgongoni. Mama Pasi aliingoja sauti yake. Katika miaka yote hiyo, Winchi akitangulia huongea, kanyaga hapa, pita huku, usiniangukie. Hakusema neno.

Alishuka hatua tatu, akasimama, akageuka ubavu. Akapiga kisigino kwenye changarawe, mara moja, mara mbili, mpaka likapatikana shimo la kukaa mguu. Ndivyo makuli wanavyofanya wanaposhusha kitu cha kuvunjika kwenye tuta la mchanga: wa mbele huchimba, wa nyuma hukanyaga palepale. Akashuka tena, akachimba la pili. Akachimba la tatu. Goti lilimtetemeka kila alipoliegemea, na hakugeuza uso kutazama kama kuna anayemfuata.

Changarawe ziliteleza kutoka juu, zikayajaza mashimo yale moja baada ya jingine. Winchi alikuwa amefika la saba, anapiga kisigino, na Mama Pasi bado alikuwa amesimama ukingoni, mguu mmoja mbele, anatafuta la kwanza lilikuwa wapi.